Bi Leokadia na Minara ya Wageni

Kila Jumamosi ya Desemba, saa kumi na mbili asubuhi, Bi Leokadia alikuwa akigonga kioo cha chumba cha makoti kwa pete yake ya ndoa, mara mbili tu, nami namfungulia mlango wa nyuma. Sikutakiwa kumfungulia. Funguo ni za nyumba ya utamaduni, na nyumba ya utamaduni inafunguliwa saa tatu. Mimi napewa funguo ili nifagie, niwashe taa na kumwaga mchanga kwenye ngazi watu wasiteleze. Lakini mwanamke wa miaka sabini na mmoja akisimama nje kwenye baridi ile, na pumzi yake imeganda kwenye kitambaa cha shingoni, utamwambia nini? Arudi saa tatu?

Alikuwa akiingia bila salamu ndefu, anavua viatu, anavaa malapa ya sufu aliyoyaacha nyuma ya mlango, kisha anakwenda moja kwa moja kwenye chumba kikubwa. Huko juu ya meza ndefu zilikuwa zimepangwa kazi za watoto wa wageni, zikikauka gundi tangu Ijumaa.

Kazi zenyewe ni shopka. Kwingine pango la Noeli ni zizi na majani makavu. Kwetu Krakow Yesu mtoto analala ghorofani, katikati ya minara ya mji wetu, na kila ukuta unang'aa kwa jaribosi, zile karatasi za kufungia peremende. Mwanzoni mwa Desemba mafundi wanazibeba zao uwanjani kushindana, nyingine ndefu kuliko mtu. Wageni wakiziona wanataka na watoto wao wajaribu. Ndiyo maana nyumba yetu ikaanzisha Ijumaa za familia, na Bi Leokadia akaitwa kuwafundisha. Hiyo ni miaka saba sasa.

Nilikuwa namtazama kutoka mlangoni, ufagio mkononi. Anapita meza hadi meza, miwani kwenye ncha ya pua. Mnara ukiwa umeinama anasema, "Huyu amelewa," na anauchomekea kijiti cha meno kwa ndani mpaka unyooke. Jaribosi ikiwa na makunyanzi anailainisha kwa mgongo wa kijiko. Kuba la kanisa likikosa shingo anaikata, anaibandika, anaondoka. Ikifika saa mbili na nusu kazi kumi na mbili zimesimama kama askari, naye amekaa kwangu kwenye chumba cha makoti anakunywa chai ya limau na kusema kwamba watoto wa mwaka huu wana vipaji.

Wazazi wakija kuchukua wanashangaa. Akina mama wanasema, tazama, jana ilionekana ya ovyo, kumbe ilihitaji kukauka tu. Watoto wengi wanafurahi. Wengine wananyamaza, wanaitazama, halafu wanaitazama tena. Hao wa kunyamaza nilikuwa nikiwaona. Mimi huwaona sana watoto wanaonyamaza, ni ugonjwa wangu.

Sikumsema, kwa sababu nilijua alikotoka. Bi Leokadia alifanya kazi miaka thelathini na mmoja kwenye kiwanda cha peremende, mashine ya kufungia. Jaribosi iliyochapwa vibaya ilikuwa inatupwa, nao wasichana waliruhusiwa kuibeba. Yeye aliibeba. Mumewe Gerard alikuwa fundi wa tramu, na baada ya kazi alikuwa akijenga shopka jikoni kwao, akizikata mbao nyembamba na kadibodi usiku na mchana wa likizo. Yeye Leokadia ndiye aliyezivalisha. Hawakujaliwa mtoto. Kwenye mashindano lilikuwa linaandikwa jina la Gerard, na Leokadia anatembea nyuma yake na nailoni, theluji ikianza aifunike kazi. Walipata zawadi ya pili mara mbili. Niliwahi kumuuliza kwa nini hakuandikisha jina lake hata mara moja. Akaniambia, "Mifupa ilikuwa yake, Wiesia. Mimi nilikuwa ngozi tu. Umeona wapi ngozi ikienda mashindanoni peke yake?"

Gerard alipofariki Bi Leokadia hakutengeneza tena. Jaribosi zake alizipanga kwenye makopo ya biskuti kwa rangi, akayaweka chini ya kitanda. Nyumba ya utamaduni ilipomwita, alikuja na makopo yote kwa tramu, safari nne. Kuanzia hapo alikuwa akiishi mwaka mzima akiungoja Desemba. Mwezi wa tisa tu ameshaanza kuniuliza kama tangazo limechapwa.

Mwaka jana mama mmoja alilalamika. Alisema hii siyo kazi ya mwanawe, mwanawe hawezi kukata mstari ulionyooka hata umpe nini. Mimi nilikuwa karibu, nikamwambia ni joto la mabomba ya kupashia chumba, huku kwetu mabomba yana moto sana, gundi ikikauka inavuta kadibodi na kuinyoosha. Nilisema hivyo bila kupepesa macho. Yule mama akaenda zake, lakini baadaye akaandika barua.

Barua ile ilimfikia binti yangu. Otylia ndiye anayesimamia ratiba yote ya majira ya baridi pale kwetu: nyimbo za Noeli, vikaragosi, hadithi za watoto, na hizo Ijumaa. Mimi nafagia, yeye anasimamia, na kazini ananiita Mama kama nyumbani, hajawahi kunionea haya. Mwezi wa kumi alimwita Bi Leokadia, akamwambia kwa heshima kwamba kazi ya mtoto isiguswe. Kuna kampuni inauza maboksi yenye vipande vilivyokwisha kukatwa, mtoto anabandika tu, haihitajiki mwalimu wala gundi ya kumwagika. Ikija barua nyingine, alisema, hataweza kuyakataa maboksi tena. Bi Leokadia aliitikia kwa kichwa. Akasema ameelewa.

Na Jumamosi ya kwanza ya Desemba aligonga kioo.

Ningeweza kujifanya sisikii. Nililala vibaya wiki ile yote, nikiona mambo mawili: Otylia akigundua mama yake ndiye anayefungua mlango, na Bi Leokadia akikaa kwake Desemba nzima na makopo yake chini ya kitanda. Nilifungua. Wiki ya pili nikafungua tena. Hakuna aliyelalamika, nikaanza kupumua.

Ijumaa ya tatu alikuja Kalina. Alikuwa na miaka tisa, yuko na baba yake, wametoka kamji kadogo kule kwenye Bahari ya Baltiki, kutwa nzima ndani ya treni. Baba alikuwa mtu wa haraka, mwenye karatasi ya ratiba iliyokunjwa mara nane. Wakati anavua koti tayari alikuwa ananiuliza vikaragosi vya Jumamosi vinaanza saa ngapi, na uwanja wa kuteleza kwenye barafu uko mbali na sisi kiasi gani, na kama mtu akitoka hapa saa tatu na robo atawahi. Nikamwambia vikaragosi ni saa tano, atawahi bila kukimbia. Akaandika.

Kalina hakuuliza kitu. Alikaa mwisho wa meza na kuanza kukata.

Nilipita na debe la taka nikaona amekwishajenga mnara mrefu wa Kanisa la Bikira Maria, ule wenye taji. Ulikuwa umenyooka kiasi. Kila mtu hapa anajua kanisa lile lina minara miwili isiyolingana, mrefu na mfupi, na shopka yoyote huanzia hapo. Lakini upande wa pili, mahali pa mnara mfupi, Kalina alisimamisha bomba la karatasi ya chooni alilolizungushia mistari myekundu na myeupe, na juu yake kifuniko cha chupa alichokivika jaribosi ya njano.

Bi Leokadia alifika akasimama. Akauliza taratibu hicho ni nini.

"Ni mnara wa taa," Kalina alisema. "Wa kuongozea meli."

"Krakow haina bahari, binti yangu."

"Najua."

"Basi meli zitatoka wapi?"

"Huu siyo wa meli. Ni kwa wale wafalme watatu, waone njia."

Bi Leokadia akamweleza kwamba wafalme wana nyota, nyota inawatosha, imewatosha miaka yote hii. Kalina akawaza, mkasi mkononi.

"Na siku ya ukungu?" akauliza.

Mama mmoja meza ya jirani akacheka. Bi Leokadia hakucheka. Aliweka mkono juu ya kichwa cha yule mtoto, akaendelea na wengine, lakini nilimwona mara tatu akigeuka kuangalia kile kibomba. Alipokuja kuvaa koti jioni akaniambia, kwa sauti ya mtu anayesikitikia jirani, kwamba kanisa la yule mtoto limetoka nyumbani na kiatu kimoja.

Asubuhi yake aligonga. Nikafungua, na kwa mara ya kwanza nikamwambia, "Bi Leokadia, kile cha mistari kiache."

"Nakiacha," akasema. "Nitakitazama tu."

Nilikwenda kumwaga mchanga. Theluji ilikuwa imeanguka usiku na kuganda, nikachelewa kwenye ngazi. Niliporudi alikuwa amekwishakaa kwangu na chai, mikono imezunguka glasi, na hakuniangalia. Nikaingia chumba kikubwa. Mwisho wa meza palikuwa na Kanisa la Bikira Maria zuri kuliko yote aliyowahi kutengeneza mtu pale ndani. Mnara mfupi ulikuwa na paa lake, vidirisha vya karatasi ya peremende ya bluu vinavyopitisha mwanga, pembe zimekunjwa kwa ukucha. Ilikuwa kazi ya kushinda zawadi. Mistari haikuonekana tena popote.

Saa ilikuwa tatu kasoro dakika kumi. Sikuwa na la kufanya.

Kalina na baba yake walifika wa kwanza. Baba alikuwa na mfuko tayari, amefungua mdomo wa mfuko ili shopka iingie. Aliiona akapiga mluzi.

"Angalia ilivyokauka," akasema. "Tutaiweka dirishani kwa bibi."

Kalina aliizunguka meza. Akainama, akatazama chini ya kadibodi, halafu akatazama kazi za wenzake moja moja, kama mtu anayetafuta mwavuli wake.

"Hii siyo yangu," akasema.

"Ni yako, mama. Jina lako hili hapa chini."

"Jina ni langu. Hii siyo yangu. Yangu iko wapi?"

Hakulia. Angelia ingekuwa rahisi, tungempa peremende. Aliuliza tena vilevile, kwa sauti ileile, yake iko wapi. Familia nyingine zilikuwa zinaingia, zinakung'uta theluji, zinasikia. Otylia akatoka ofisini. Akaitazama shopka, akamtazama mtoto, halafu akanitazama mimi. Nilimzaa, nalijua jicho lile. Maneno ya mabomba na joto la gundi yalikuwa yamefika kwenye ulimi wangu, nilikuwa nimevuta hewa.

"Ni mimi," Bi Leokadia alisema nyuma yangu.

Alikuwa amesimama mlangoni na malapa yake ya sufu. Kila mtu akageuka.

"Nimekuja asubuhi nikaufunika. Ni mimi."

Baba wa Kalina alianza kusema kwamba hapana neno, imependeza, wao wana vikaragosi saa tano. Mtoto hakumngoja amalize.

"Kwa nini umeufunika?"

"Kwa sababu kanisa lilikosa mnara wa pili."

"Halikukosa. Ule ndio ulikuwa wa pili."

Bi Leokadia akavuta kiti, akakaa mbele ya ile kazi. Akaanza kuibandua jaribosi kwa wembe. Lakini yeye ndiye aliyeibandika, na alichobandika Bi Leokadia hakibanduki. Iling'oka na karatasi ya chini, mistari ikaja nayo vipande vipande, bomba likabonyea. Akatua wembe.

"Nimeuharibu," akasema. "Nitakujengea mwingine sasa hivi. Niambie tu mistari ilikuwa mingapi."

"Hapana," Kalina alisema. "Nitajenga mwenyewe. Wewe shika gundi."

Kwa hiyo akashika gundi. Nilimletea mtoto bomba jingine la karatasi kutoka kwenye kabati langu, Otylia akatafuta karatasi nyekundu. Kalina alivua koti, akavuta kiti, akajenga mnara wake upya bila haraka yoyote, na kila alipohitaji alinyoosha kidole bila kuangalia, naye Bi Leokadia anaminya gundi kidogo kwenye ncha ya kidole. Mistari ilipinda kuliko ya jana. Mara moja tu niliona dole gumba la Bi Leokadia linaanza safari kwenda kulainisha pembe. Kalina akalitazama lile dole. Likarudi.

Baba alisimama na karatasi yake ya ratiba mpaka saa nne, halafu akakaa. Saa nne na nusu akaniomba chai. Vikaragosi viliwapita. Alipokunywa chai aliniambia, kama anajitetea, kwamba nyumbani kwa mama yake mnara wa taa unaonekana kutoka dirisha la jikoni, na kwamba babu wa Kalina alikuwa mvuvi, na siku za ukungu walikuwa wakikaa pale dirishani. Nikamwongezea limau.

Walipoondoka Kalina alimpa Bi Leokadia mkono, kama anavyopewa mtu aliyefanya naye kazi. Baba yake hakutaja barua. Sikujua kama ataiandika akifika kwao, na bado sijui.

Otylia alitungoja jikoni. Alifunga mlango. Alikuwa amekasirika kwa ule utulivu wake, ambao mimi nauogopa kuliko kelele.

"Nilikwambia mwezi wa kumi, Bi Leokadia."

"Uliniambia."

"Na ulisema umeelewa."

"Nilielewa, mwanangu. Kuelewa nilielewa." Alikuwa anaikwangua gundi iliyokauka kwenye vidole. "Gerard alikuwa anajenga, mimi nafunika. Miaka yote hiyo. Nikiona kitu kimesimama hakijafunikwa, mkono unakwenda. Siutumi. Unakwenda wenyewe."

Nikaona ndiyo nafasi yangu, nikasema kwamba mlango nilifungua mimi, na mwaka jana yale ya mabomba yalikuwa uongo.

"Najua, Mama. Kila Jumamosi nyayo za malapa zinatoka chumbani kwako mpaka meza ya kwanza. Wewe unafagia vizuri sana, ila hufagii nyuma yako." Akanyoosha mkono, nikampa ufunguo wa mlango wa nyuma. Halafu akaniambia, siyo kwa ukali, kwamba mimi na Bi Leokadia tuwe na klabu yetu, kwa sababu mpaka darasa la tano nilikuwa nikimsuka nywele upya mbele ya mwalimu.

Sikumbuki hivyo. Lakini sikubisha.

Akamweleza Bi Leokadia mambo yatakavyokuwa. Imebaki Ijumaa moja kabla ya Noeli. Aje, afundishe, kwa sababu hakuna boksi linalojua kuvalisha kuba. Jumamosi asionekane kabla ya wazazi. Na mnara wowote ukikutwa umeguswa, iwe kwa kijiti au kwa kijiko, mwakani yanakuja maboksi, naye Otylia atasaini mwenyewe na hatamsikiliza mtu, hata mama yake.

Bi Leokadia alivaa viatu, akabeba malapa yake mkononi, akaenda kupanda tramu. Nilidhani amekwenda moja kwa moja. Ana kiburi chake, na mtu aliyetembea nyuma ya zawadi ya pili mara mbili hapendi kupewa masharti. Wiki nzima nilimpigia simu kwa visingizio, mara supu ya bitiruti, mara ganzi ya mguu wangu, na mara zote alijibu vizuri bila kutaja Ijumaa.

Ijumaa alikuja. Alileta kopo la jaribosi nyekundu peke yake, akalifungua katikati ya meza, akasema kila mtu achukue anachotaka. Zilikuja familia tisa. Aliwaonyesha kukunja pembe, akawaonyesha kijiko, halafu akakaa kwenye kiti chake na kuikalia mikono yake yote miwili, kama mtoto aliyekatazwa kula kabla ya wageni.

Mtoto mmoja wa Kihungaria, kibonge, mwenye mashavu mekundu, alikuwa anajenga kitu kirefu kuliko yeye. Hakikuwa Kanisa la Bikira Maria, wala Krakow, wala sijui kilikuwa nini. Kilikuwa kinainamia kushoto. Kila ghorofa aliyoongeza kilizidi kuinama, na mama yake anampiga picha.

Bi Leokadia akainuka. Alitoka chumbani akaja mpaka kwangu, akaegemea kaunta ya makoti.

"Wiesia, nipe kazi."

Nilimpa makoti yaliyokuwa yamelowa, ayatundike karibu na bomba la joto. Akaanza kuyatundika. Alikuwa anayanyoosha mabega, anafunga vifungo vya juu, anaingiza vitambaa vya shingo ndani ya mikono ya makoti, koti baada ya koti, na mgongo wake umeelekea mlango wa chumba kikubwa.

"Kikianguka usiniambie," akasema.

Tukakaa hivyo. Akaniuliza mguu wangu unaendeleaje, nikamwambia. Akaniuliza kama Otylia anakula vizuri, nikamwambia hali, hata kidogo. Ndani kukasikika kishindo kidogo, kisha ukimya, kisha watoto wakaanza kucheka wote pamoja, na yule wa Kihungaria sauti yake juu ya zote.

Bi Leokadia alikuwa ameshika koti la bluu la mtoto. Akalishika vilevile kwa muda, halafu akalitundika.

Nilikwenda nikachungulia, nikarudi. Hakuniuliza, nami sikumwambia.